Ketamini naijua, sonona sikuijua

Kazi yangu ni kulaza watu. Mwaka huu natimiza miaka 11 nikiwa mtaalamu wa usingizi kwenye hospitali ndogo ng'ambo ya ghuba, ule upande ambao ukitaka kufika Mwanza mjini unavuka na kivuko cha Kamanga. Cheo hicho kirefu hakuna anayekitumia. Mtaani mimi ni "yule wa nusukaputi". Mama akiletwa usiku kwa bodaboda, mtoto amekaa vibaya tumboni, daktari bado ananawa mikono, mimi ndiye ninayemwinamia kichwani na kumwambia, "Mayu, sasa utalala kidogo." Na mara nyingi sindano niliyoshika ni ya ketamini.

Kama hujafanya kazi hospitali ndogo ni vigumu kuelewa tunavyoipenda dawa hii. Dawa nyingi za nusukaputi zinadhoofisha pumzi. Zinataka mashine, oksijeni na umeme wa uhakika. Ketamini inamlaza mtu huku anahema mwenyewe, na presha haishuki, tena inapanda kidogo. Umeme ukikatika na jenereta ikagoma, mgonjwa wako bado anapumua na daktari anashona kwa tochi ya simu. Haya nayasema kwa sababu nimezishika tochi hizo. Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 1985. China ilipotaka mwaka 2015 iwekewe udhibiti mkali wa kimataifa, kwa kuwa wapo wanaoitumia kulewa, wataalamu wa shirika hilo walipinga: ukiifunga ketamini, umefunga na upasuaji wa vijijini.

Ila ni dawa ya ajabu. Mtu hafumbi macho. Yanabaki wazi, yanacheza taratibu kulia na kushoto, lakini mwenyewe hayupo. Na kuamka kwake ndiko kwenye vituko. Kuna mama aliamka akaniuliza kwa nini nimeegesha mtumbwi darini. Kijana mmoja aliyeng'olewa risasi pajani aliimba wimbo wa jando la ng'ombe, ambao nina hakika aliutunga palepale. Tulikuwa tukicheka sana kwenye chumba cha chai. Wapo pia walioamka wanalia, wanashika kingo za kitanda kama wanaozama. Hao tuliwaongezea diazepamu, wakatulia. Hadithi zao hatukuzipeleka kwenye chai.

Basi nilidhani naijua.

Mwaka 2021, masika yakiwa yanaisha, nikaanza kuamka saa tisa usiku. Si kwa ndoto wala kwa mbu. Macho yanafunguka tu, basi, mpaka asubuhi. Nyumba yangu iko karibu na maji, na usiku usio na mwezi wavuvi wa dagaa wanawasha taa zao ziwani mpaka unadhani kuna mji mwingine umeshuka huko katikati. Tangu utoto nimezipenda taa zile. Mwaka ule nilikaa dirishani nikaziangalia, na zilikuwa taa. Hakuna zaidi. Nilijaribu hata kujikumbusha kwamba ni nzuri, kama mtu anayerudia jibu la mtihani.

Chakula nacho kikapoteza maana. Mke wangu anakaanga dagaa kwa nyanya nyingi na pilipili mbuzi, majirani wanapitisha shingo ukutani, mimi natafuna kama natafuna boksi. Kazini nilikuwa sawa, na hilo ndilo lililonichanganya. Mgonjwa akiwa mezani mikono yangu inafanya kila kitu kwa mpangilio. Akishatolewa, nakaa kwenye benchi la kubadilishia viatu na siwezi kuamua nianze na kiatu kipi. Siku moja nilikaa pale mpaka aliyekuja kupiga deki akaniuliza kama namsubiri mtu.

"Umepungukiwa nini?" Hilo ndilo swali nililoulizwa na kila mtu. Sikuwa na msiba, sikuwa na deni la kunikosesha usingizi, mke hakuwa ameondoka. Shemeji yangu alimjua mganga upande wa Magu. Mchungaji aliniombea, na namshukuru, maana yeye angalau alikaa saa nzima. Wenzangu kazini walisema nipunguze mawazo. Ningejua pa kuyapunguzia ningeenda.

Neno sonona, ule ugonjwa wa huzuni isiyoondoka, nilikuwa nalijua, lakini nalijua la chuoni: dalili tisa, ukiwa na tano kwa wiki mbili, andika jibu. Sikuwahi kufikiri kwamba zile tisa zinaweza kuja kukaa kwenye benchi langu. Halafu kwetu ukitamka "ugonjwa wa akili" mtu anakuona tayari uko kwenye basi la Dodoma unapelekwa hospitali ya akili ya Mirembe. Kwa hiyo nikanyamaza.

Nina dada, mtoto wa mama mkubwa, tumelelewa wote Ukerewe. Yuko Texas, anahudumia wazee. Yeye sonona anaijua miaka, na hajawahi kunificha. Alishameza dawa tatu tofauti kwa nyakati tofauti, moja ikamnenepesha, nyingine haikumfanya kitu, ya tatu ikasaidia mwaka mmoja halafu ikachoka. Mwezi wa sita mwaka ule akanitumia sauti kwenye WhatsApp.

"Mdogo wangu, leo wamenipa ile dawa yako."

"Ipi?"

"Ketamini."

Nikamuuliza, "Wamekupasua wapi?"

Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akanieleza, na nikazisikiliza zile sauti zake mara tatu nne, kwanza kama mtu wa fani, baadaye kama kitu kingine. Wamemkalisha kwenye kiti cha kuegemea, wamemtia kanyula, kile kimrija cha mshipani, mkono wa pili una mpira wa presha, kidoleni kile kibano cha oksijeni. Taa zimepunguzwa. Macho wamemfunika kitambaa, masikioni muziki usio na maneno. Muuguzi amekaa pembeni, haondoki. Kipimo ni nusu miligramu kwa kila kilo ya mwili, kinatiririshwa kwa dripu dakika 40. Sisi thieta, chumba cha upasuaji, tunasukuma mara mbili mpaka nne ya hicho kwa dakika moja hivi. Ndiyo maana hakulala. Alisema alikuwepo na hakuwepo. Alijiona kama anaiangalia nyumba ya bibi kwa juu, paa lake la bati, kuku wanapita, na yule mtu mwenye huzuni alikuwa mmoja tu kati ya vitu vilivyokuwepo uani.

"Na kesho yake?" nikamuuliza nilipompigia simu baadaye.

"Kesho yake nimeosha vyombo."

Usicheke. Vyombo vya wiki mbili. Mtu asiyejua sonona atasema hiyo ni habari gani. Mimi, niliyekuwa nashindwa kuchagua kiatu, nilipiga simu ile pembeni ya gati na nikajikuta nina wivu wa vyombo.

Nikaanza kusoma usiku, kwa kuwa muda wa usiku ninao. Chuoni tulifundishwa kwamba ketamini ilitengenezwa mwaka 1962 na Calvin Stevens kwa kampuni ya Parke-Davis, ikajaribiwa kwa wafungwa huko Michigan mwaka 1964, Marekani ikaiidhinisha mwaka 1970, ikaenda na askari wao Vietnam. Hapo mwalimu alifunga kitabu. Hakutuambia kwamba mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliwapa wagonjwa saba wa sonona dripu ndogo na wakaona nafuu ndani ya siku tatu, wala kwamba mwaka 2006 taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani ilirudia na kuona nafuu ndani ya saa chache. Dawa za kawaida za sonona zinashughulika na serotonini, kemikali mojawapo ya ubongo, na zinachukua wiki. Hii inagusa mfumo wa kemikali nyingine, glutameti, na inaonekana inazisaidia seli za ubongo kuunganika upya. Namna hasa inavyofanya hivyo bado wanabishana. Mwaka 2019 Marekani wakaidhinisha ndugu yake, esketamini, ya kupuliza puani, kwa masharti: unapulizia kliniki, unakaa saa mbili ukiangaliwa, gari huendeshi mpaka kesho yake. Dripu yenyewe ya ketamini kwa sonona hata huko haina kibali rasmi cha kazi hiyo. Madaktari wanaitumia kwa uamuzi wao, na bima nyingi zinaikwepa. Dada alilipa dola 450 kwa kila mkao, mara sita ndani ya wiki tatu. Alikuwa ameuza gari.

Na hapa kuna jambo ambalo sikulisikia vizuri wakati ule kwa sababu sikutaka kulisikia. Siku kumi baada ya dripu ya sita, sauti yake ilianza kurudi chini. Akarudi kuongezewa, na mpaka leo anarudi kila baada ya wiki kadhaa, na katikati anameza vidonge na kuonana na mshauri wake. Mimi nilibaki na vile vyombo tu.

Usiku wa pili wa zamu, mwezi wa nane. Tumemaliza upasuaji wa mama mmoja, mtoto analia vizuri, daktari ameshaenda kujinyoosha. Kwenye trei kuna chupa ya ketamini imebaki zaidi ya nusu. Utaratibu ni kwamba kinachobaki kinamwagwa mbele ya shahidi, daftari linasainiwa na wawili, kabati linafungwa. Nilisimama nimeishika. Ni chupa ndogo, inakaa ndani ya kiganja, kifuniko cha mpira kimeshatobolewa tundu mbili, dawa yenyewe haina rangi, ukiitikisa utadhani maji. Nilikuwa na ufunguo mfukoni na mlango wa stoo ulikuwa hatua nne.

Nataka lieleweke, sikuwa nawaza kufa. Nilikuwa nawaza kuosha vyombo. Hesabu ya kipimo kichwa kilishaifanya kabla sijaiomba, na mishipa yangu naijua.

Sista wetu wa thieta ni mtu mzima, karibu ya kustaafu, wote tunamwita Mama Mkubwa. Akaingia kufuata kandambili zake.

"Hiyo mbona hujamwaga?"

Nikamwambia ukweli. Mpaka leo sijui kwa nini. Pengine ni zile kandambili. Huwezi kumdanganya mtu aliyeshika kandambili saa nane usiku.

"Nataka kujichoma, Mama."

Akavuta kigoda akakaa. Hakupiga kelele. "Ya kufa au ya kupona?"

"Ya kupona."

"Basi si kazi ya saa nane usiku." Akainuka, akaichukua chupa, akaimwaga kwenye sinki, akasaini, akanipa kalamu nisaini. Halafu akakinga mkono. "Ufunguo."

Nimeifikiria sana dakika ile. Mimi ninayemgeuza mgonjwa ubavu ili asipaliwe na matapishi. Mimi nisiyeondoa jicho kwenye presha, kwa kuwa ketamini inaipandisha na wapo ambao moyo wao haupendi. Mimi niliyewashika watu wakiamka wamepotea, hawajui dari ni wapi na sakafu ni wapi. Mimi huyohuyo nilitaka kujilaza stoo, peke yangu, bila mtu wa kunigeuza. Na kama ningeamka salama asubuhi nina nafuu, hapo ndipo hatari ingeanza, maana zamu nyingine ilikuwa Alhamisi na chupa nyingine ipo. Wenzetu wa fani hii wameishia hivyo nchi nyingi. Sumu ya kazi yetu ni kwamba duka liko mkononi mwetu.

Jumatatu alinisindikiza Bugando. Kwenye kivuko alinunua karanga za kukaanga, akanigawia nusu kwenye kipande cha gazeti, hakuniuliza chochote. Asubuhi ile ziwa lilikuwa limetulia, mawe ya Mwanza yamekaa juu ya mengine kama kawaida yake, na ile hospitali iko juu ya kilima inakuona toka mbali. Nilikuwa nimeshapeleka wagonjwa pale mara nyingi kwa gari la wagonjwa. Kupanda kile kilima nikiwa mimi ndiye faili ilikuwa habari nyingine.

Daktari wa akili aliyenipokea alikuwa mdogo kwangu, ananiita kaka. Aliniuliza usingizi, chakula, pombe, akapima presha, akaandika vipimo vya damu kuangalia kama tezi au upungufu wa damu ndio unanichezea. Akaniuliza waziwazi kama nimewahi kutamani nisiwepo. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo, na nilishangaa jibu lilivyotoka haraka: ndiyo, mara mbili. Nikamweleza na habari ya chupa. Nilitegemea atashtuka.

"Kaka, hiyo dripu kwa kawaida wanapewa ambao dawa mbili zimeshashindwa, kila moja kwa kipimo kamili na muda wake kamili. Wewe zimeshindwa ngapi?"

"Hakuna."

"Hakuna iliyoshindwa, au hakuna uliyomeza?"

Nikanyamaza kidogo. "Hakuna niliyomeza."

Akaniandikia fluoksetini, miligramu 20, kidonge kimoja asubuhi. Na siku za kwenda kuzungumza. Nilitoka nimenuna kama mtoto. Nilitaka ya dakika 40, nimepewa ya wiki sita.

Wiki ya kwanza nilipata kichefuchefu na mikono ikawa na jasho. Wiki ya pili hakuna. Ya tatu hakuna, nikamwandikia dada kwamba dawa hii ni chaki. Akanijibu, "Meza chaki." Kazini nilieleza kwa mkubwa wangu kile kilichopaswa kuelezwa; kwa miezi mitatu sikushika ufunguo wa kabati, kila dawa niliyotumia ilitolewa na mwingine. Iliniuma, sitasema uongo. Ilikuwa sawa.

Wiki ya tano, au ya sita, tulikuwa tunakula usiku. Nikasema, "Leo dagaa chumvi imezidi."

Mke wangu aliweka kijiko chini. Akaniangalia. Akaanza kucheka, halafu cheko likageuka kilio, watoto wakashangaa mama analilia chumvi. Mimi mwenyewe ilinichukua muda kuelewa. Nilikuwa nimeonja.

Sikupona siku ile. Kuna wiki zilirudi nyuma, kipimo kiliongezwa, na vidonge nilivimeza mwaka mzima na zaidi kabla daktari hajaanza kuvipunguza taratibu. Lakini kuanzia pale kulikuwa na kitu cha kushikia.

Siku hizi watu wanaojua habari yangu wananitumia ujumbe kuuliza kuhusu ketamini, na nimegundua wako wa aina mbili, wote wananichosha. Wa kwanza wameona video wanasema ni muujiza. Hao nawasimulia mambo ya dada, na siku kumi zake. Nawakumbusha mwigizaji Matthew Perry, aliyekufa Oktoba 2023: alikuwa na historia ya kutibiwa kwa dripu kliniki, lakini iliyomuua ilitumika nje ya uangalizi wa kitabibu, nyumbani kwake. Nawaambia pia kwamba mtu anayeitumia ovyo kwa muda mrefu kibofu chake kinaharibika mpaka anakojoa damu. Wa pili wanasema hiyo ni dawa ya wavuta unga, ipigwe marufuku. Hao ndio wananipandisha presha hasa. Dada yangu yuko hai. Mwaka 2023 Marekani walichapisha utafiti ukiilinganisha dripu hii na tiba ya kupitisha umeme ubongoni kwa wenye sonona sugu isiyo na dalili za kuchanganyikiwa, na ketamini haikushindwa: waliopata nafuu ya kutosha walikuwa asilimia 55 dhidi ya 41. Na ukiipiga marufuku, usiku wa mvua ng'ambo ya ghuba, yule mayu namlaza kwa nini? Kwa hadithi?

Kuna kitu kimoja nilichokichukua kwa dada nikakipeleka thieta, na hakina gharama. Zamani nilikuwa nachoma dawa huku tunapigiana kelele: nani kachukua mkasi, Simba kafungwa, leteni pamba. Sasa naomba kimya. Namweleza mgonjwa mapema kwamba anaweza kuota vitu vya ajabu, vitapita, nami nipo hapa kichwani pake. Namwomba achague pa kwenda. Wanaoamka wanalia wamepungua, kwa macho yangu mimi, sijafanya hesabu.

Wiki mbili zilizopita aliletwa mzee mvuvi, pangaboi la injini limemchana mguu. Nikamwambia, "Babu, utaota."

"Nitaota nini?"

"Chagua mwenyewe."

Akafikiri, dripu inadondoka. "Nipeleke Mwaloni, Kirumba, alfajiri. Nina sangara wengi."

Nikasukuma dawa polepole huku nikimsimulia: tumefika, mtumbwi umegusa mchanga, wachukuzi wanakuja, kuna baridi kidogo. Macho yake yakaanza kucheza. Daktari akasafisha, akashona, akafunga bandeji. Baada ya muda babu akarudi, akanitafuta kwa macho, akanikamata mkono.

"Umewauza shilingi ngapi?"

Nikamtajia bei, ya kubuni.

"Umepunjwa," akasema kwa uchungu kabisa, akageuza shingo ukutani, akalala usingizi wake mwenyewe.